Chaki ya Josias Akroyd

Habari hii niliipata kwa Hester Akroyd mwenyewe, dada yake mke wangu, na Hester hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mwenye udhaifu huo ni mimi, nakiri mbele za Mungu, kwa hiyo nimejitahidi kuushika ulimi wangu. Palipobaki neno la ziada, anisamehe.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Ilikuwa asubuhi ya Siku ya Kwanza, Jumapili kama wengine wanavyoiita, katikati ya majira ya baridi, mwaka wa tisa tangu vita vya Mfalme na Bunge vipite kwenye milima yetu. Josias alikuwa ameamka mapema, amewasha moto, anakula uji wake wa shayiri akiwa amesimama.

"Kaa basi, ule kama mtu," Hester alimwambia.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

Ndivyo alivyokuwa. Tangu waoane Hester hajapata kumwona mumewe akimaliza bakuli ameketi. Godoro lao lilikuwa limebonyea upande mmoja tu, upande wa mke. Mume alilala kidogo, akaamka, akatembea, akarudi, akaamka tena. Alikuwa mfumaji, na hata kwenye mtambo wake alifuma kama mtu anayefukuzwa. Watu walisifu kitambaa chake kwa jinsi kilivyoshikana. Hawakujua ni hofu iliyokipiga.

Sisi Marafiki, Wakristo tunaoabudu kwa kimya, hatuna mchungaji wala mimbari, lakini kila kundi huwa na mtu ambaye wengine humtazama. Kwetu alikuwa Josias. Alikuwa amelitumikia jeshi la Bunge miaka minane, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa afisa wa malazi. Kazi yake ilikuwa kutangulia kikosi. Aliingia kijijini peke yake juu ya farasi, akaziangalia nyumba moja moja, kisha kwa chaki akaandika juu ya kila mlango idadi ya askari watakaolala humo. Tatu hapa. Nane pale. Hakushuka hata kwenye tandiko. Jioni kikosi kilipofika, kila askari alisoma mlango akaingia, na mwenye nyumba hakuwa na la kusema. Baadaye Nuru ya Mungu ilimpata, akautupa upanga mtoni, na tangu hapo katika mikutano yetu alisimama na kuzitaja dhambi zake za vita moja baada ya nyingine, bila kujionea huruma. Watu walitembea nusu siku kuja kumsikiliza. Wengine tulilia.

Asubuhi ile alichukua ndoo, akafungua mlango aende kuchota maji, akasimama.

Mlangoni palikuwa na namba 6 kwa chaki nyeupe. Ilikuwa juu, pale unapofika mkono wa mtu aliyepanda farasi, na mkia wake ulijikunja kwa ndani. Josias aliujua mkunjo ule. Ulikuwa mwandiko wake. Umande ulikuwa umeganda uani kama chumvi iliyomwagwa, na juu yake hapakuwa na alama ya kwato hata moja.

"Nani huyo mlangoni?" Hester aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna mtu."

Akaweka ndoo chini. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akaipangusa ile namba kwa mkono wa koti lake mpaka ubao ukabaki mtupu.

*

Mkutano wa siku hiyo ulikuwa kwa Miles Ogden, chini kidogo ya mteremko. Miles alikuwa askari wa farasi katika kikosi kilekile cha Josias. Alijiunga na Marafiki kwa kumfuata mkewe, Dorcas, lakini mdomo wake ulikuwa bado haujajiunga. Walikuwa na mtoto mmoja, Prudence, msichana wa miaka saba mwenye nywele nyekundu.

Tuliketi kwenye mabenchi, watu kama ishirini, wanaume na kofia zao kichwani. Kimya kilishuka. Kimya chetu si cha kulala. Ni kama kushikilia mlango ukisubiri mgeni unayejua atakuja. Baada ya muda mrefu Josias alisimama, nasi tukainamisha vichwa tukijua tutasikia habari za vita. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akabaki amesimama vile.

Juu ya vichwa vyetu, darini, mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi chepesi, kikavu. Dorcas alimtazama Miles. Darini hapakuwa na kitu ila majani makavu na vitunguu. Kikaja kikohozi cha pili, cha sauti nyingine. Cha tatu. Hakuna aliyenyanyuka, maana kimya cha mkutano hakivunjwi kwa sababu ya kelele za nje. Hester alivihesabu bila kukusudia. Vilikuwa sita, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Josias aliketi. Mkutano ulipokwisha watu wakapeana mikono, wakatoka. Miles ndiye aliyetangulia nje, naye ndiye aliyegeuka akauona mlango wake.

"Ala! Nani kanichorea nyumba?" Akacheka kicheko chake kikubwa. "Josias! Mzee wa Chaki! Njoo umwone mtoto huyu, si wako? Sita yenye mkia wa nguruwe! Nani mwingine anaandika hivi? Leo unatuletea wangapi, sita? Nimwambie Dorcas aongeze maji kwenye mchuzi?"

"Miles, punguza mdomo," Dorcas alisema. "Siku ya Kwanza hii."

"Nauliza tu. Askari akija lazima ale."

Watu walicheka. Josias hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa koti lake, ambao bado ulikuwa na unga mweupe.

"Si yangu," alisema.

"Kweli, bwana?"

"Nimesema si yangu."

Basi yakaisha. Hapa nataka msomaji aelewe uzito wa neno lile. Sisi hatuapi. Marafiki wamefungwa gerezani, wamechapwa viboko, kwa kukataa tu kuweka mkono juu ya Kitabu na kuapa mbele ya hakimu, kwa sababu ndiyo yetu ni ndiyo na hapana yetu ni hapana. Mtu wetu akisema "si yangu," haulizwi mara ya tatu. Hakuna aliyemtilia shaka Josias. Hata mimi sikumtilia. Miles alichota maji ya moto, akasugua mlango mpaka ukawa safi.

Kesho yake alfajiri namba ilikuwa palepale.

*

Siku ya Tatu, Dorcas alikuja kwa Hester mbio, bila shali.

"Mikate yangu inaisha," alisema. "Naoka jioni, asubuhi sina. Kule darini majani yamelaliwa, Hester. Nimeweka mkono. Yana joto. Na mtoto ana homa."

"Homa gani?"

Dorcas alinong'ona. "Ya madoa. Ya kambini."

Josias alikuwa kwenye mtambo. Mtambo ulinyamaza. Ugonjwa ule hapakuwa na mtu aliyeuona mlimani kwetu tangu jeshi liondoke. Hester alichukua kapu la dawa zake za majani, akamwambia mumewe, "Twende wote. Ukamwombee."

Prudence alikuwa amelala kitandani kwa wazazi wake, kitanda kikubwa cha kutosha watu wanne, naye alikuwa amejikunja ukingoni kabisa, karibu kuanguka. Uso ulikuwa mwekundu. Madoa yalikuwa yameshafika shingoni. Dorcas alimsogeza katikati. Mtoto akajirudisha ukingoni.

"Kaa katikati, mwanangu, utaanguka."

"Hapana nafasi."

"Nafasi ipo tele."

"Waambie basi wanipishe. Wananibana."

Josias alikuwa mlangoni. Aliuliza. "Nani wanakubana?"

"Hawa." Mtoto hakufumbua macho. "Wana baridi. Mmoja ameshika nywele zangu."

Hester alitazama. Mto ulikuwa mtupu. Lakini fungu moja la zile nywele nyekundu lilikuwa limenyooka juu ya mto, limekazwa, kama uzi kwenye mtambo.

Alipogeuka, Josias hakuwapo.

Miles alimkuta juu kwenye nyika, anatembea. Anakwenda hatua hamsini, anageuka, anarudi hatua hamsini. Majani yalikuwa yameanza kulala chini ya viatu vyake. Miles alisimama pembeni, na safari hii hakuwa na utani.

"Josias, nikuulize kitu cha zamani."

"Uliza."

"Kule Kettlebeck. Tulipokuwa tunarudi nyuma kwenye theluji. Mimi ndiye nilipewa wagonjwa. Sita, wote wa homa. Kapteni aliniambia wapeleke nyumba kubwa ya mawe, kwa babake Hester, afisa wa malazi ameshaandika. Nikafika, mlango mtupu. Hauna kitu. Nikakutana nawe njiani ukaniambia niende mwisho wa kijiji."

Josias alitembea hatua zake hamsini.

"Nilidhani theluji ndiyo imefuta," Miles alisema. "Miaka yote nimedhani theluji."

Josias alipofika mwisho wa hatua zake hakugeuka. Aliendelea tu kwenda, mpaka ukungu ukamchukua. Usiku ule hakulala nyumbani. Wala uliofuata. Wachungaji wa kondoo walimwona hapa, walimwona pale, anatembea. Na kila asubuhi Miles alisugua mlango, na kila asubuhi namba ilirudi. Askari hawafutwi. Kila afisa wa malazi anajua hilo. Aliyewaandika akiwafuta mlango huu, wanahamia mlango wa pili.

Siku ya Saba mtoto aliacha kunywa.

*

Siku ya Kwanza mkutano ulikuwa zamu ya Akroyd. Josias alirudi saa ileile watu wanaingia, matope mpaka magotini, midomo imepasuka kwa baridi. Aliketi kwenye benchi lake. Miles alikuwapo. Dorcas alibaki na mtoto. Alikuwa amemwambia mumewe aende akaombe, maana pale kitandani hapakuwa na kazi tena ila kungoja.

Kimya kilishuka.

Kilishuka kizito. Moto ulikuwa unawaka lakini pumzi za watu zilionekana. Hester alikuwa benchi la wanawake, macho chini. Aliniambia kwamba alijisikia kama anavyojisikia mtu anaposukumwa kusema. Moyo kupiga. Viganja kutoka jasho. Alidhani ni Roho. Akasimama.

"Nina baridi," alisema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mwanamke mwingine, ya shambani, yenye mkwaruzo wa moshi.

"Mlango wangu mdogo, afisa. Chumba kimoja. Nina watoto watano."

Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyesema acha. Kwetu mtu aliyesimama kusema hazuiwi, kwa sababu nani anajua anayesema ndani yake ni nani? Tulikosea pale. Tulikaa na kofia zetu tukamsikiliza, kama tunavyowasikiliza wote. Hester alikuwa akiyasikia maneno yakitoka kinywani mwake na hakuweza kukifunga.

"Warudishe kule walikokuwa. Nimeona ukifuta. Nilikuwa kisimani, nimekuona. Afisa, wanangu ni wadogo. Huyu hata meno hajamaliza kuota. Nina baridi. Fungua."

Na tena. "Fungua." Na tena, na kila mara sauti ikawa ndogo zaidi, mpaka ikawa ya mtoto.

"Fungua."

Josias alisimama. Hester akaanguka kwenye benchi kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye msumari.

"Yatosha," Josias alisema. "Nitasema mimi. Mwacheni mke wangu."

Akavua kofia. Sisi huvua kofia kwa Mungu tu.

"Mmenisikia nikitaja dhambi zangu miaka mitano. Nilizitaja zile zilizonifanya nionekane mtu mkubwa aliyeanguka na kuinuliwa. Hii sikuitaja. Kule Kettlebeck niliandika sita kwenye nyumba ya baba yake Hester, kama nilivyoamriwa. Nyumba ina vyumba, ina moto, ina mganga jirani. Wagonjwa wangekaa chumba chao peke yao. Nami nilikuwa nimepanga hapohapo. Jioni Hester akaniletea maziwa ya moto yenye asali. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nikatoka nje, nikaipangusa sita kwa mkono wa koti. Nikaenda kuiandika kwa mjane mmoja, Ellen Sugden, mwisho wa kijiji. Maneno mliyoyasikia ndiyo aliyoniambia. Neno kwa neno. Sikushuka hata kwenye farasi."

"Na baadaye?" Miles aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unajua wewe. Wale askari walipona. Waliwahi kuiugua homa ile kabla, miili yao ilikuwa imeizoea. Nilipita tena baada ya wiki tatu. Mlango ulikuwa wazi. Mjane na watoto wake watano walikuwa wamelala kwenye majani wamepangana, theluji imeingia mpaka miguuni pao." Akamgeukia Miles. "Na namba iko mlangoni. Nilisema si yangu, Miles. Ni yangu. Mwanao anakufa kwa sababu nilisema si yangu."

Miles alinyanyuka. Alikuwa mtu mkubwa, na watu walidhani atampiga. Alifika mbele yake, akasimama.

"Basi iondoe kwangu," alisema. "Sitaki kingine, Josias. Iondoe tu kwangu."

Kabla Josias hajajibu Hester aliinuka. Uso ulikuwa mweupe lakini sauti ilikuwa yake.

"Yale maziwa baba ndiye aliyenituma," alisema. "Aliniambia, mpe, tabasamu, akilainika hatatuwekea mtu. Nikakupa. Asubuhi nilipoona mlango mtupu nilifurahi. Nilijua umefuta, Josias. Sikuuliza umeandika wapi." Akamtazama mumewe. "Nenda kawachukue. Waje kwetu."

"Hester, ni homa. Wewe hujawahi kuugua."

"Nimesema waje kwetu."

*

Josias alishuka mteremko, watu wote nyuma yake. Kwenye mlango wa Ogden aliipangusa namba kwa kiganja, si kwa koti. Kisha akapanda kurudi kwake. Alichukua chaki yake ya kuwekea alama vitambaa, akaandika sita kwenye mlango wake mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu yake, usawa wa kifua, pale mgeni mdogo kwa mkubwa anapoweza kuiona.

Hawajamaliza kutazama, ikasikika sauti ya Dorcas kutoka chini. Alikuwa anapiga kelele. Miles alikimbia akaanguka, akainuka, akakimbia. Mtoto alikuwa ameketi katikati ya kitanda. Ameomba supu. Anauliza kwa nini nywele zake zinamuuma.

Hester aliwaambia watu waende nyumbani. Wakaenda. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Walifanya kazi pamoja, mke na mume, bila kusemezana. Waliyaondoa mabenchi moja moja. Walitandaza majani mapya sakafuni mbele ya moto, mafungu sita, kila fungu urefu wa mwanamume. Hester alioka mikate sita ya shayiri. Aliipanga mezani. Saa kumi jua lilikuwa limeshagusa nyika. Walikubaliana watatazama moto tu, hata kiingie nini. Hester akauacha mlango bila komeo.

Mwanga uliondoka kwenye dirisha.

Mlango ulifunguka.

Hapakuwa na upepo. Baridi iliingia, ikasimama, kama watu wanaosimama wakisubiri kuambiwa. Hester alikuwa anatazama moto. Hakujua aseme nini. Akasema lile ambalo angemwambia yeyote.

"Ingieni ndani. Pana moto."

Majani yakalia. Mara moja. Mara ya pili. Akahesabu mpaka sita. Mtu akakohoa, kile kikohozi chepesi. Josias alikuwa amefumba macho, machozi yakimtiririka ndevuni. Hester akajaribu kuomba, akasahau maneno yote aliyoyajua tangu utotoni.

Kisha kitu kikamwegemea gotini.

Kilikuwa na uzito mdogo. Baridi yake ilipenya sketi mbili za sufi. Kilikuwa na unyevu, kama kondoo aliyenyeshewa. Kilijisogeza, kikatafuta mahali pazuri, kikatulia. Hester hakuangalia. Ila mkono wake, aliniambia, mkono wenyewe ulishuka ukaenda kupapasa, kama unavyofanya mkono wa mwanamke yeyote, na ulichogusa kilikuwa nywele laini, na chini ya nywele fupa dogo la kichwa.

Askari gani ana kichwa kidogo namna hii, aliwaza. Hakuthubutu kuwaza zaidi.

Hajui ni saa ngapi uzito ule uliondoka. Alishtuka pamekucha. Kitu cha kwanza alichosikia ni mumewe. Josias alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango, mikono wazi, anakoroma. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, alikuwa amelala usingizi wa mtu mzima, na hakugeuka, wala hakutikisika Hester alipomvuka.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nje ubao ulikuwa safi. Hakuna namba, hakuna hata vumbi la chaki.

Hester alirudi ndani, akayatazama majani. Alikuwa ametandika kwa ajili ya askari sita. Fungu moja ndilo lililolaliwa kwa urefu wa mtu mzima. Mengine matano yalikuwa yamebonyea juu tu, karibu na moto, vishimo vifupi, kila kimoja kifupi kuliko chenziwe, vimesogeleana kuelekea lile kubwa.

Hawakuwa askari hata siku moja. Wala kule kwa Dorcas hawakuwa askari.

Mezani mikate mitano ilikuwa imekwisha, hata makombo. Wa sita ulikuwa umebaki. Ulikuwa umeng'atwa mara moja pembeni, mng'ato mdogo usiozidi upana wa vidole viwili, na ndani ya ganda gumu palikuwa na kitu kimekwama, cheupe. Akakichokonoa kwa kucha. Lilikuwa jino la utotoni. La mbele, la chini. Mzizi wake ulikuwa na damu mbichi.

Hester hakujaliwa kuzaa. Lakini kila mwanamke wa milima yetu anajua jino la mtoto likitoka hufanywa nini. Huchovywa kwenye chumvi, hutupwa motoni, na mama husema jina la mtoto, ili mwenyewe asirudi kulitafuta. Akachovya chumvi. Akapiga magoti mbele ya moto. Jina hakulijua. Akalitupa jino hivyohivyo.

Kesho yake alfajiri, alipokuwa akizoa majivu, alilikuta chini ya majivu yote, jeupe, halijaungua hata ukingo. Damu kwenye mzizi ilikuwa bado haijaganda.